Soja wa Langoni Ana Haki Yake

Giza linapotanda mjini Nyeri na baridi ya Mlima Kenya kuanza kuuma, wako wanaofunga milango wakalala, na wako wanaoanza kazi. Langoni mwa shule, benki na kiwanda cha kahawa utamkuta mtu mwenye koti zito, rungu na tochi. Hali ni hiyo hiyo Karatina, Nanyuki na Embu.

Mimi ni mwanaisimu, nami huanza na maneno. Mtu huyu tunamwita bawabu, neno la asili ya Kiarabu lililotokana na mlango. Tunamwita askari, ambalo asili yake ni jeshi. Vijana humwita soja, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Ajabu ni kwamba tumempa jina la mwanajeshi, tukamnyima heshima yake. Mwanafunzi ambaye kijijini angemwita mzee wa umri ule "guka" kwa adabu, langoni humpigia kelele: "Soja, fungua!"

Sheria hazikukosekana. Amri ya mishahara ya walinzi ya mwaka 1998 iliweka saa 52 za kazi kwa juma, katika siku 6. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kudhibiti huduma za ulinzi wa kibinafsi, iliyounda mamlaka ya kusajili kampuni na walinzi na kusimamia mafunzo yao.

Sasa walimu wa hesabu na wanisaidie. Mlinzi anayekesha saa 12 kwa siku 6 hutimiza saa 72. Saa 20 zilizozidi zinastahili malipo ya ziada. Je, anayapata?

Lawama si za kampuni peke yake. Shule inapotangaza zabuni na kuitoa kwa mwenye bei ya chini kabisa, bei hiyo imepunguzwa wapi kama si katika mfuko wa mlinzi? Wahenga walisema rahisi ghali. Tunamkabidhi mlinzi mwenye njaa na usingizi watoto wetu, kisha tukiibiwa yeye ndiye mshukiwa wa kwanza.

Kabla ya kutia sahihi mkataba, bodi ya shule na iulize maswali matatu: Kampuni imesajiliwa? Walinzi wamefunzwa? Saa za ziada zinalipwa? Nawe mwanafunzi, kesho asubuhi ukifika langoni, msalimu kwanza mzee aliyekesha kwa ajili yako.