Je, Wajua? Wageni Wanaohamia Ngozini

Je, wajua kwamba funza ni kiroboto? Tena ndiye mdogo kuliko viroboto wote: urefu wake ni milimita 1 tu! Lakini jike akishazama kwenye kidole chako, anavimba hadi kutoshana na punje ya njegere.

Ngoja, hujasikia bado. Kichwa anakizamisha ndani, sehemu ya nyuma anaiacha nje kwenye kitundu cha ngozi. Kupitia kitundu hicho kimoja anapumua, anajisaidia, anapandwa na dume na kutaga mayai 100 na zaidi. Kile kidoa cheusi unachokiona katikati ya uvimbe ni mkia wake! Na hatoki tena, anafia humohumo.

Ulidhani ni mzaliwa wa huku? La! Kwao ni Amerika. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikamshusha Angola, ndani ya mchanga uliopakiwa ili kuipa meli uzito. Karne ile haijaisha, alikuwa ameshalikatiza bara zima hadi pwani yetu. Kiroboto asiyeweza kuruka hata futi moja!

Na upele je? Mtu anayejikuna usiku kucha, unafikiri ana wadudu wangapi? Kwa kawaida ni 10 hadi 15 tu, mwili mzima! Anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuhisi mwasho, na huku anaambukiza. Ndiyo maana nyumba nzima hutibiwa kwa pamoja.

Wewe unayeanika nguo nje, sogea hapa. Afrika kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo yenye unyevu. Buu lake huingia ngozini likaota kama jipu. Kinga yake? Pasi ya moto, hadi kwenye mishono!

Sasa shika kiti. Jike wa mnyoo wa Guinea hufikia mita 1, naye hutokea kwenye lengelenge mguuni, mwaka mzima baada ya mtu kunywa maji yenye mabuu yake. Huvutwa taratibu akizungushwa kwenye kijiti, sentimita chache kwa siku. Mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 3.5. Mwaka 2022 walikuwa 13, dunia nzima! Chanjo hakuna, dawa ya kumuua mnyoo huyo hakuna. Kazi kubwa imefanywa na kitambaa cha kuchujia maji ya kunywa.