Mashaka Yanayobaki Nyuma ya Msiba

Hakuna padri wala katekista asiyelijua neno hili: « Tulisali, lakini Mungu hakutusikia. » Twalisikia mara nyingi mlangoni mwa nyumba yenye matanga. Mama amefanya novena kwa ajili ya mtoto mgonjwa, wakristu wa kijiji wamesali rozari pamoja naye, padri amemtolea Misa. Na siku ya nane mtoto amekufa. Watu wakiisha kurudi kwao, mama huyo haachi Misa, lakini moyoni mwake kuna swali lisilokwisha. Miezi inapita, swali linabaki. Mwisho anakuja kuungama, anasema: « Padri, nimepoteza imani. »

Tumjibu nini? Neno hili si dogo. Tukijibu vibaya, tutamwongezea mzigo mtu aliyekwisha kulemewa, na pengine tutamfukuza mbele ya Mungu yule anayemtafuta bado. Kwa hiyo tutaeleza kwanza mafundisho ya Eklezya, kisha tutaangalia mfano wa jamaa moja, na mwisho tutatoa mashauri kwa kazi yetu.

1. Mashaka ni ya namna mbili

Katekismu ya Eklezya Katoliki, iliyotolewa mwaka wa 1992, inatenga mashaka ya namna mbili. Shaka ya kwanza yatoka katika mapenzi ya mtu: anajua neno lililofunuliwa na Mungu na kufundishwa na Eklezya, lakini hajali kulishika kama neno la kweli, ao anakataa kwa kusudi. Hilo ni kosa juu ya imani. Shaka ya pili haitoki katika mapenzi: ni kusita kwa akili, ni shida ya kushinda maneno yanayopinga imani, ni wasiwasi unaoletwa na giza la mafumbo. Mtu hakuitafuta, imemjia kama vile homa inavyomjia mtu. Lakini Katekismu inaonya pia kwamba mtu akiilisha shaka kwa kusudi, yaweza kumfikisha kwenye upofu wa roho.

Mtakatifu Tomasi wa Akwino afundisha kwamba kuamini ni tendo la akili inayokubali ukweli wa Mungu kwa amri ya mapenzi, na mapenzi yenyewe yanasukumwa na neema. Basi, tukitaka kujua kama mtu ameacha imani, tusiulize moyo wake unasikia nini. Tuulize mapenzi yake yanafanya nini. Yule mama anayelia na kusema « Mungu, sababu gani? » anasema na nani? Anasema na Mungu. Mtu aliyepoteza imani hana tena wa kumwuliza.

Eklezya yenyewe inatufundisha sala hiyo. Katika Zaburi ya 88 (zamani tuliihesabu ya 87) mtu anamlilia Mungu usiku na mchana, na maneno yake yanakwisha katika giza, pasipo mstari hata mmoja wa furaha kama ule unaomaliza zaburi nyingine za maombolezo. Eklezya imeiweka katika sala ya usiku ya kila siku ya tano. Basi kila juma padri anayeshika Sala ya Vipindi anakwenda kulala akiwa na sala hiyo mdomoni, na hakuna anayesema kwamba amekufuru.

2. Jamaa ya Mtakatifu Teresia

Sote twampenda Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu, na sanamu yake imo katika makanisa mengi ya nchi yetu. Lakini wengi wamejua maua ya waridi tu, hawajui usiku wake.

Wazazi wake, Louis Martin na Zélie, walimwomba Mungu mtoto mwanaume atakayekuwa padri mmisionari. Mungu aliwapa wana wawili, wote wawili wakaitwa Joseph. Wa kwanza alikufa mwaka wa 1867, wa pili mwaka wa 1868. Hakuna aliyetimiza mwaka mmoja. Walizika pia mabinti wawili. Mwaka wa 1877 Zélie alikuwa na ugonjwa wa kansa ya titi. Mwezi wa sita alikwenda Lourdes pamoja na mabinti wake watatu wakubwa, akaingizwa katika maji, akasali apone kwa ajili ya watoto wake. Hakupona. Alikufa tarehe 28 mwezi wa nane mwaka ule ule, na Teresia alikuwa na miaka 4.

Mwaka wa 1888 Teresia aliingia katika Karmeli ya Lisieux, mwenye miaka 15. Mwaka uliofuata akili ya baba yake ilishikwa na ugonjwa, hata wakampeleka Caen, katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Alikaa kule miaka 3. Mtu wa sala, aliyemtolea Mungu mabinti zake, watu walimtaja kama mwenye wazimu.

Kisha ikawa zamu ya Teresia mwenyewe. Juma Takatifu la mwaka wa 1896 alitema damu mara ya kwanza, sababu ya kifua kikuu. Siku zile zile za Pasaka roho yake iliingia gizani. Mawazo yalimjia kwamba hakuna mbingu, kwamba nyuma ya kufa hakuna kitu. Giza hilo halikuwa la siku mbili tatu: lilikaa karibu miezi 18, mpaka kufa kwake tarehe 30 mwezi wa tisa 1897, akiwa na miaka 24.

Alifanya nini katika giza hilo? Aliandika Credo kwa damu yake mwenyewe, akaichukua kifuani pamoja na Injili. Kila mara wazo la kukana lilipomjia, hakubishana nalo; alimgeukia Yezu na kufanya tendo la imani, hata akasema kwamba katika mwaka mmoja ule alifanya matendo ya imani mengi kuliko maisha yake yote ya mbele. Tena alijihesabu kama mtu aliyeketi meza moja na wasioamini, akawaombea kama ndugu zake. Waliosoma mashairi yake ya furaha juu ya mbingu walidhani kwamba anaona yote wazi. Naye alikuwa akiimba yale aliyotaka kuamini.

Tuongeze neno moja linalotugusa sisi wa Kongo. Teresia alipewa ndugu wa kiroho, mseminari Maurice Bellière, kusudi amwombee. Ndugu huyo alitoka Ufaransa kwenda Algeria kuingia unovisi wa Mapadri Weupe mkesha wa kufa kwa Teresia. Hao ndio Mapadri waliopokea misioni ya Mpala, kando ya Ziwa Tanganika, mwaka wa 1885. Padri Bellière alitumwa Nyasaland, nchi inayoitwa leo Malawi. Lakini aliugua, akarudi Ulaya, akafa mwaka wa 1907 mwenye miaka 33, katika nyumba ile ile ya Caen alimokaa baba ya Teresia. Mtakatifu mkubwa alikuwa amemwombea, na mwisho wake wa hapa chini ulikuwa hivyo.

3. Tunajifunza nini?

Wengine watasema upesi: « Tazama, wazazi wale waliomba mmisionari, na mwaka wa 1927 Papa Pio XI alimweka binti yao kuwa msimamizi wa misioni. Kumbe Mungu alijibu! » Ni kweli, nasi twamshukuru Mungu. Lakini tuangalie vema: mwaka wa 1927 Zélie alikuwa amekufa tangu miaka 50. Yeye alilia juu ya makaburi ya wanawe pasipo kujua neno hilo. Utakatifu wake, ambao Eklezya iliutangaza pamoja na wa mume wake mwaka wa 2015, haukutoka katika kuona jibu. Ulitoka katika kumtumaini Mungu pasipo kuliona. Na kwa Padri Bellière hatuoni jibu lolote mpaka leo.

Sababu ya matumaini yetu si mifano ya namna hiyo. Ni Kristu mwenyewe. Katika Getsemani aliomba kikombe kimwepuke, na kikombe hakikumwepuka. Lakini Waraka kwa Waebrania wasema kwamba alisikiwa. Alisikiwa namna gani, naye alikufa? Alisikiwa kwa ufufuko. Baba hakumwondolea msiba. Alimpitisha ndani ya msiba mpaka katika uzima. Kati ya siku ya tano na siku ya Mungu kulikuwa siku ya posho, siku ya kaburi lililofungwa. Kwa mambo mengi ya maisha yetu, sisi tungali katika siku ya posho ile. Tusishangae basi kama hatujaona.

4. Mashauri kwa kazi yetu

Shauri la kwanza: tusitafute sababu haraka. Rafiki za Yobu walimtetea Mungu kwa maneno mengi, na mwisho Mungu aliwakasirikia wao, akamsifu Yobu aliyelalamika. Tusimwambie mama « Mungu alihitaji malaika », wala « pengine ni kwa dhambi zako ». Hatujui, na Mungu hakututuma kusema tusiyoyajua.

Shauri la pili ni kubwa kuliko yote: tusifunge mlango mbele ya swali. Katika vijiji vyetu, na katika miji pia, swali lililokatazwa kanisani halifi. Linakwenda kwa mfumu. Naye hakosi jibu: atataja jina la mlozi. Ndipo mwanamke mzee anafukuzwa kijijini, ao mtoto yatima anapigwa na jamaa yake, sababu watu walitaka kujua « nani amemwua ». Afadhali swali linalobaki mbele ya Mungu kuliko jibu la uongo linalomwaga damu ya mtu asiye na kosa.

Shauri la tatu: tumfundishe mwenye shaka kusali shaka yake. Tusome pamoja naye Zaburi ya 13 ao ile ya 88, polepole. Kisha tumwombe tendo moja dogo la kila siku: kusema Nasadiki mara moja jioni, hata kama moyo ni mkavu kama jiwe. Hilo si uongo. Ndivyo alivyofanya Teresia.

Shauri la nne ni kwa waungamishaji: tusiite dhambi neno lisilo dhambi. Tumwonye mtu asiilishe shaka usiku kucha, lakini tumwambie wazi kwamba wasiwasi wake si kosa. Tena, kama nyuma ya msiba mtu hali, halali, ao anasema afadhali afe, tusimwache na maneno ya dini tu. Tumpeleke kwa daktari. Ugonjwa wa baba ya Teresia ulikuwa ugonjwa. Haukuwa upungufu wa imani.

Shauri la tano: turudi nyuma ya matanga. Siku za kilio nyumba imejaa watu. Mwezi wa tatu hakuna anayekuja. Katekista anayepita wakati huo, akaketi, akanyamaza, akasali Baba Yetu moja pamoja na jamaa, amefundisha mengi juu ya uaminifu wa Mungu.

Nanyi mafratri, msidhani kwamba upadri utawaondolea usiku huo. Mkiupata, msiufiche, mwambieni baba yenu wa roho. Padri aliyekwisha kushika Credo yake gizani atajua kuketi karibu na mama yule anayesema « Nimepoteza imani », na kumjibu kwa upole: « Mama, bado unamwita Mungu. Hujaipoteza. Tumwite pamoja. »