Uji wa Mtoto na Chakula cha Mama

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kunena habari za chungu cha uji, maana wengi hudhani kwamba mtoto aliyeshiba uji amekwisha kulishwa. Sivyo.

Mtoto na apewe titi tangu saa ile ya kwanza, pamoja na dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ambayo wengine huyamwaga ati ni machafu. Hayo humkinga na maradhi. Hata atimize miezi 6 hahitaji kingine, wala maji. Baada ya hapo maziwa ya mama peke yake hayatoshi, na ndipo taabu huanza.

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika habari za ugonjwa ambao watu wa kabila la Ga huuita kwashiorkor, nao ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa titi kwa sababu ya mdogo wake. Watoto hao walilishwa uji wa mahindi mtupu. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, na asiyejua husema mtoto amenenepa. Nasi tumewaona wa namna hiyo: mashavu yamejaa, lakini hawachezi.

Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi ni maji mengi na unga kidogo. Uji mzito humshinda kumeza. Dawa yake ni kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uufunike kwa kitambaa chenye maji siku mbili tatu hata uchipue, kisha uanike na kuusaga. Tia kijiko kimoja katika uji mzito uliopoa kidogo, nao utalegea kana kwamba umeongezwa maji, na unga wake u vile vile. Uchemshe tena, utie karanga zilizopondwa zisizo na ukungu, au unga wa dagaa, au maziwa.

Na mama je? Mahali pengine mja mzito hukatazwa mayai, ati mtoto atazaliwa hana nywele. (Wengi huzaliwa na upara, mama awe amekula yai au hakula.) Ale yai, maharage, mchicha na kisamvu. Akikamulia ndimu juu ya mboga, mwili hupokea vema madini ya chuma yaliyomo. Chai huyazuia, basi ainywe baadaye.

Haya twawaambia akina baba hasa, kwa kuwa ninyi ndio mtengewao nyama, na mayai yote huenda sokoni kwa amri yenu. Yabakizeni mawili nyumbani.