Bibi, mjomba na simu ya mezani

Wiki hii nawaacha wapenzi wapumue kidogo, maana mwenzenu nimetoka kwenye vita vya nyaya na nikinyamaza nitapasuka.

Bibi yangu mzaa mama anakaa Ngamiani, Tanga. Sebuleni kwake kuna simu ya mezani, ile ya vitufe vikubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Namba yake inaanza na 027 na ukoo mzima tunaijua kwa kichwa. Habari za misiba zinaingilia pale, za posa zinaingilia pale. Mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi, yuko Leicester, Uingereza. Kupiga namba ile kutoka kule kunakula hela, kwa hiyo maongezi yao yalikuwa ya mbio mbio: "Shikamoo mama, mzima? Haya mama, salio linaisha."

Mjomba akaona isiwe taabu, akamtumia simu ya kisasa, ya kugusa kwa kidole, wapigiane WhatsApp. Kha! Macho ya bibi yameshapungua nguvu, na simu ile haina kitufe cha kupapasa. Ikilia anasugua kioo, mara kaikata, mara kaizima. Siku ya Idd mjomba kapiga mara nne, mara nne kakatiwa. Jioni akanipigia mimi, sauti imenyong'onyea: "Hivi mama amenikasirikia?" Nilipokwenda Tanga nikamkuta bibi naye kanuna: "Mjomba wako siku hizi hanipigii. Kashanisahau."

Roho iliniuma, sikufichi. Watu wawili wanatafutana, mgombanishi ni kioo. Nikajisemea, kama bibi kazoea simu yake ya mezani, basi intaneti ndiyo imfuate hapo hapo mezani.

Kuuliza uliza Dar nikaambiwa kuna kiboksi kinaitwa adapta. Upande mmoja unakichomeka kwenye ruta ya intaneti, upande mwingine unachomeka simu ya kawaida. Unafungua akaunti ya SIP, ambayo ni kama namba yako ya simu ndani ya intaneti. Mjomba naye anafungua yake kwenye kampuni hiyo hiyo, anaweka programu kwenye simu yake ya mkononi, na kati yenu hamlipii dakika, mnalipia bando tu.

Nikanunua cha bei poa, nikapanda basi. Sasa ujuaji ukaniponza. Nilikuwa na kile kigawanyo cha plastiki chenye matundu mawili, nikasema kazi gani hiyo? Simu ya bibi tundu hili, adapta tundu lile, mkia wake ukutani. Simu moja, laini mbili, niiteni fundi! Kama dakika kumi mambo shwari. Halafu shoga yake bibi akapiga kwenye namba ya zamani. Simu ikalia mara moja tu, kiboksi kikatoa harufu ya plastiki inayoungua, taa zikazimika jumla. Bibi akatokea jikoni: "Mjukuu wangu, unataka kunichomea nyumba?"

Nikaishiwa pozi. Mzee mmoja wa mtaa ule, fundi simu mstaafu, alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba waya wa shaba unakuja na umeme wake kutoka kituoni, karibu volti 48 ukiwa umetulia, na simu inapoita unatumwa umeme mwingine wa kama volti 90. Tundu la adapta nalo linatoa umeme wake. "Umefunga mafahali wawili zizi moja," akasema, "ulitegemea nini?"

Kwa hiyo msomaji, kama una wazo kama langu, njia ni mbili. Kuna simu za mezani za laini mbili, zenye vitufe vya kuchagua laini. Kwa bibi asiyeona vizuri, hiyo nikaitupa. Nyingine ni adapta yenye matundu mawili tofauti: FXO linapokea waya wa ukutani, FXS linakwenda kwenye simu, na nyaya hizo mbili hazikutani nje ya kiboksi. Grandstream HT813 ni ya namna hiyo. Nikajikamua mfukoni, safari hii bila kigawanyo.

Kilichonimaliza ni habari ya umeme. Ukikatika, ruta inazimika na intaneti kwaheri, lakini kiboksi hiki kinaunganisha chenyewe waya wa ukutani na simu. Laini ya shaba inakula umeme wa kituoni, kwa hiyo namba ya misiba inabaki hai. Ila kama kwenu wameshaleta faiba, sahau, maana kifaa chake kinataka umeme wa nyumbani. Na simu isiwe ile ya kutembea nayo, nayo ni hivyo hivyo.

Bando halitishi. Kwa sauti nzuri kabisa, inayoitwa G.711, dakika moja inakula kama MB 1.3. Ukichagua G.729 inashuka hadi kama nusu MB. Halafu mambo yenyewe si mageni, VocalTec ya Israeli ilitoa programu ya kupiga simu kwa intaneti tangu 1995. Bibi ndiye alikuwa bado hajafikiwa.

Jumamosi saa mbili usiku ile ya mezani ikalia. Bibi akafunua kitambaa, akanyanyua mkono wa simu kama siku zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sema haraka, salio lisiishe."

"Leo haliishi, mama."

Bibi akanyamaza. Halafu akavuta kigoda, akakaa, akaanza na kifo cha mbuzi wake wa mwaka juzi. Mimi nilikula, nikaosha vyombo, nikalala, bado wanaendelea. Asubuhi akaniuliza kama na mimi ningependa chapati.

Ile simu ya kioo nimerudi nayo Dar. Gharama za ufundi hizo, mjomba asiulize.