Boga Linalojificha

Bonde la Kilombero linatajwa kwa mchele, na mgeni anayefika Katindiuka wakati wa mvua hutazama mpunga kwanza. Boga la kienyeji halitazamwi. Linatambaa ndani ya mahindi, juu ya kichuguu, au pale yanapomwagwa maganda ya jikoni, na pengine hakuna aliyelipanda: mbegu ilitupwa, mvua ikanyesha.

Lakini sufuria inalijua vizuri. Kwanza huja msusa, yaani majani yake. Ncha laini zinachumwa, nyuzi zinavuliwa kuanzia kwenye vikonyo, majani yanakatwa na kupikwa kwa karanga zilizotwangwa au kwa tui. Maua dume nayo huingia humo humo. Baadaye ni zamu ya boga changa, lile ambalo ukucha unapenya ganda lake bila shida. Hilo halimenywi. Likate vipande pamoja na mbegu zake laini, kaanga kitunguu na nyanya, litie, ufunike. Usiongeze maji, litatoa yake yenyewe. Tui zito liingie mwishoni, moto ukiwa mdogo. Binzari naiona ni kuliziba mdomo. Pembeni ya wali na perege wa kukaanga, chumvi na ndimu vinatosha.

Tatizo ni kwamba boga zuri halifiki uzeeni. Lenye umbo la kuvutia, lililokaa wazi, huchumwa mapema kwa sababu linaonekana. Linalokomaa ni lile lililosahaulika chini ya majani, na mbegu za mwaka unaofuata zinatoka humo. Tukiendelea hivyo, kila msimu tunachagua boga hodari wa kujificha, si boga tamu.

Dawa yake ni kuchagua kabla ya njaa. Tafuta mmea wenye afya na boga la sura unayoitaka, funga kitambaa chekundu kwenye kikonyo, kisha watangazie watoto na wapishi kwamba hilo haliguswi. Anayetaka uhakika zaidi amtangulie nyuki, maana nyuki hajui mpaka wa jirani. Jioni tafuta ua jike ambalo litachanua kesho. Utalitambua kwa kiboga kidogo kilichoko nyuma yake. Lifunge kwa uzi, na ua dume moja au mawili ya mimea mingine ya mbegu hiyo hiyo uyafunge pia. Alfajiri yafungue, lipake ua jike unga wa manjano wa yale madume, ulifunge tena. Ukichelewa hadi mchana maua yamesinyaa. Mumunye la jirani lisikutie hofu: hilo ni zao la Afrika tangu kale, na halizaliani na boga, ambalo asili yake ni Amerika na lilivuka bahari baada ya 1492.

Maji yaliyotuama ndiyo adui mkubwa zaidi. Mpunga unayapenda, ilhali mizizi ya boga inaoza humo. Anayepanda kwenye tuta mvua za mwanzo zinapoanza, Novemba au Desemba, anaweza kuvuna kabla mafuriko ya Machi na Aprili hayajatanda bondeni. Yupo pia inzi wa matunda, anayetaga ndani ya boga changa. Mara tu linaposhika, lifunike kwa karatasi. Gazeti lililokwisha kusomwa linafaa. Yaliyokwisha kuoza yakusanywe na kufukiwa chini kabisa, la sivyo funza watageuka inzi wengine.

Boga la mbegu lingoje mpaka kikonyo kikauke, kisha likae ndani wiki kadhaa. Ukilipasua, onja nyama yake mbichi kidogo. Ikiwa chungu, tema na utupe boga zima pamoja na mbegu, kwa kuwa uchungu huo ni sumu na kupika hakuuondoi. Kama ni tamu, osha mbegu, zianike kivulini, zihifadhi kwenye chupa kavu yenye majivu, kwa sababu unyevu wa bonde hili hauna huruma. Nyama inabaki ya kwako: ichemshe na tui, iliki na sukari kidogo, iwe futari au kitafunwa cha chai ya asubuhi. Mbegu nene ni za kupanda, zinazozidi hukaangwa kwa chumvi, na zile nyembamba zisizo na kiini wapewe kuku.