Kizuizi cha Amani Hakiulizi Kabila

Askari anaposimamisha gari barabarani, anatafuta nini? Swali hili nawaachia walimu na wanafunzi, hasa wa Diani na Msambweni, kwa kuwa historia yetu imekwisha kutupa jibu chungu.

Itakumbukwa kwamba usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi 6 wakauawa na bunduki zikaporwa. Ghasia zikaenea hadi Ukunda na Diani. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, na wapatao 100,000 wakahama makwao, wengi wao wenye asili ya bara. Serikali ilipeleka vikosi vya usalama, na vizuizi vikawekwa njiani.

Nilisafiri katika njia hiyo siku zile. Matatu yetu iliposimamishwa, askari alikusanya vitambulisho akasoma majina. Vijana wenye majina ya Kidigo waliamriwa washuke. Sisi wengine tukabaki vitini. Mifuko yetu haikufunguliwa. Lau mmoja wetu angalikuwa na bunduki chini ya kiti, ingalifika salama salimini.

Hapo ndipo ilipo kasoro. Wavamizi walikuwa wamechagua wa kuwadhuru kwa asili zao. Askari anayechagua wa kupekuliwa kwa kipimo kicho hicho huirudia hoja ya mvamizi, na silaha humpita.

Wanajeshi wa Kenya wamelinda amani ugenini chini ya Umoja wa Mataifa: Namibia mwaka 1989, kisha Sierra Leone, na kwingineko. Kazi hiyo ina misingi mitatu: ridhaa ya wahusika, kutopendelea upande wowote, na kutotumia nguvu ila kwa kujilinda na kulinda jukumu walilopewa. Kwa msingi wa pili, kizuizini kila gari hupekuliwa kwa namna moja, awe dereva ni wa upande gani.

Wapo watakaosema kwamba wakati wa hatari hakuna nafasi ya adabu. Mimi nasema hatari ndiyo inayoidai. Mwanakijiji aliyeheshimiwa kizuizini ndiye atakayeeleza silaha zilikofichwa. Aliyedhalilishwa atafumba kinywa.

Basi, walimu wenzangu, tuwafunze vijana wetu, ambao baadhi yao watavaa sare kesho, kwamba amani tunayoipeleka ugenini ina haki ya kuanzia Ukunda.