Diwali tuliyoiona tangu utotoni bila kuuliza

Niko Moi's Bridge, mji wa mahindi ulio kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Niko huku kwa biashara ya nafaka. Siku moja tukipima magunia ghalani, redio ilitangaza kuwa Wahindu wana mapumziko ya Diwali. Kijana mmoja mpakiaji akanigeukia.

"Mzee, wewe ni mtu wa Mombasa. Hiyo Diwali ni ya nini?"

"Ni sikukuu ya taa ya Wahindi," nikamjibu.

"Taa za nini?"

Hapo nikanyamaza. Nimekulia Mombasa, mlango wa pili kutoka duka la Mgujarati. Kila mwaka niliona vitaa vya udongo vimepangwa barazani kwao, na unga wa rangi umechorwa maua mlangoni. Tuliletewa sahani ya ladu, jelebi na chevda. Tulikula, tukarudisha sahani, basi. Jioni ile nilimpigia simu mtoto wa yule mwenye duka, ambaye tulicheza naye gololi. Haya ndiyo niliyoyapata kwake, pamoja na niliyosoma baadaye.

Kwanza, jibu langu lilikuwa na kosa. Mhindi ni mtu wa asili ya India; Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Mabohora, Maismailia na Maithnaasheri wa Mombasa ni Wahindi lakini ni Waislamu, na Wagoa wengi ni Wakatoliki. Wahindu wa kwetu wengi asili yao ni Gujarati, na tuliwaita Mabaniani, neno linalotokana na jina lao la wafanyabiashara. Hawakuja na reli peke yake. Ni kweli kwamba ujenzi ulioanzia Mombasa mwaka 1896 ulileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, lakini Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa India wameshatangulia.

Pili, mwezi. Sisi huutafuta mwezi mwandamo ili tufunge au tufungue. Diwali huangukia usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, na ndiyo maana taa zinawashwa. Jina lenyewe maana yake ni safu ya taa. Miezi yao hufuata mwezi kama yetu, na miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354 hivi. Kwa sababu hiyo Idi yetu hurudi nyuma siku 11 kila mwaka. Wao kila baada ya takriban miaka mitatu huongeza mwezi wa 13, kwa hiyo Diwali haitoki Oktoba na Novemba.

Majira hayo yana maana kwa mtu wa bahari. Gujarati mvua kubwa hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, na bahari huchafuka. Mwezi mpevu wa Agosti, wavuvi wa Mumbai na miji ya pwani ya Gujarati hutupa nazi baharini kuomba usalama kabla ya kurudi kazini. Kisha mavuno huingia, Diwali hufika, na kaskazi ikianza kuvuma majahazi ya Mandvi na Porbandar yalikuwa yakishika njia ya kuja kwetu.

Tatu, kwa Wagujarati sherehe yenyewe ni ya siku tano. Ya kwanza ni ya mali, watu hununua dhahabu au hata sufuria mpya. Ya pili ni ya kuondoa mabaya. Ya tatu ndiyo Diwali yenyewe: wengi hukumbuka Rama alivyorudi kwao Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni, na humkaribisha Lakshmi, mungu wao wa neema. Vile vinyayo vidogo vinavyochorwa vikielekea ndani ya nyumba ni vyake. Ya nne ni mwaka mpya wa Kigujarati. Ya tano ndugu wa kiume huenda kula kwa dada yake.

Jambo la nne ndilo lililonigusa. Usiku wa Diwali mfanyabiashara wa Kigujarati hufunga hesabu za mwaka na kuombea daftari jipya, mara nyingi lenye jalada jekundu. Kabla ya tarakimu yoyote, ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili yenye maana ya heri na faida.

Kila mwaka, wiki chache kabla ya taa zile, yule mwenye duka alikuwa akimtuma kijana nyumbani kwetu na karatasi ya deni. Sukari, mchele, mafuta ya taa, vyote viliandikwa. Mama alilipa huku akinung'unika kwamba Baniani hana huruma. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba mwaka wa hesabu ulikuwa ukiisha. Mtoto wake aliniambia kwenye simu: "Baba alikuwa anaona vibaya kumwombea mtu daftari huku jina lake limebaki na deni." Na kumbe alilokosa mama baba yake hakuliandika upya. Alilifuta.

Waswahili tunasema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hiyo tunamsemea yeye, lakini anayeumbuliwa ni yule anayemtukana mtu huku akitumia kitu chake.

Asubuhi nilimweleza yule kijana. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mimi pia nafuta madeni mwisho wa mwaka. Yeye mwenyewe ana deni kwangu la gunia moja la mahindi, tangu Machi. Nilicheka, nikalifungua daftari langu.